Washauri wa komine Lubumbashi: ni nani tunayepaswa kumuuliza habari za shule?

Mzazi wa Katuba

Ndugu zangu wa Lubumbashi, nawasalimu nyote. Swali langu linahusu uchaguzi wa komine, yaani serikali ya sehemu ya mji, na shule za watoto wetu, na ninaomba wanaoijua sheria wanijibu kwa utaratibu, kwa sababu kila ninayemuuliza mtaani hunijibu kwa siasa.

Mwezi wa kumi mwaka 2025 shemeji yangu, ambaye anaishi Calgary nchini Kanada na amekwisha kupata uraia wa huko, alinitumia ujumbe wa sauti akisema ametoka kupiga kura. Nilidhani ni kura ya wabunge. Akanieleza kwamba siku hiyo hiyo wakazi wa mji humchagua meya, humchagua diwani wa kata yao, kisha humchagua pia mtu atakayeketi kwenye bodi inayosimamia shule za umma za mji. Mtu huyo si mtumishi wa wizara. Ni mkazi kama wewe na mimi, aliyeomba kura za majirani zake ili awe na sauti juu ya shule wanazosoma watoto wao.

Tarehe 20/12/2023 sisi pia tulichagua, na kwenye ile mashine ya kupigia kura tulipitia kura nne: ya rais, ya mbunge wa taifa, ya mbunge wa jimbo na ya mshauri wa komine. Wakati wa kampeni mgombea mmoja wa komine alifika kwenye avenyu yetu, akapanda juu ya kiti cha plastiki, akaahidi kwamba tukimchagua pesa za shule zitashuka na kila darasa litapata madawati. Watu walimshangilia, nami nikiwemo. Leo watoto wa jirani yangu wanaosoma sekondari wanarudishwa nyumbani kwa sababu ya minerval, yaani pesa za shule, na prefe, mkuu wa shule yao, anasema maagizo yametoka juu, bila kueleza juu ni wapi.

Ninachotaka kujua ni hiki: je, mshauri wa komine ana uwezo wowote juu ya shule, au yule bwana alituuzia kitu kisicho chake? Kama hana, ni nani aliye nao? Na ni nini kinachotuzuia kuwachagua wasimamizi wa shule kama wanavyofanya wenzetu?

Wakili wa Kamalondo

Papa, yule bwana aliahidi kitu ambacho hakimo mikononi mwa komine. Pesa ambazo shule ya sekondari ya umma inaruhusiwa kudai huwekwa kwa agizo la gavana wa jimbo. Katiba ya 18/2/2006, katika kifungu cha 204, inaiweka elimu ya chekechea, ya msingi, ya sekondari na ya ufundi miongoni mwa mambo ya jimbo, ili mradi jimbo lifuate kanuni zilizowekwa na serikali kuu. Kwa hiyo kati ya zile kura nne, iliyohusu minerval ilikuwa ya mbunge wa jimbo. Yeye ndiye humchagua gavana, ndiye hupitisha bajeti ya jimbo, na ndiye mwenye haki ya kumwita waziri wa elimu wa jimbo ajieleze mbele ya bunge. Ninavyokumbuka kampeni ile, wagombea wa kiti hicho tuliwauliza habari za barabara na umeme. Habari za shule tulimwachia mtu wa kiti cha plastiki.

Kwa shule ya msingi mambo ni tofauti. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema elimu ya msingi ni ya lazima, na katika shule za umma ni ya bure, na utekelezaji wake ulianza mwezi wa tisa mwaka 2019. Direkta wa shule ya msingi ya umma anayewadai wazazi pesa hawezi kusema kwamba maagizo yametoka juu, kwa sababu maagizo ya juu ndiyo yanayomkataza.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema kwamba kura ya komine ni mapambo tu. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7/10/2008 inaipa komine vyombo viwili: baraza la komine, ambalo linatokana na kura zetu moja kwa moja, na kamati tendaji inayoongozwa na burgomestre, mkuu wa komine. Kwa mujibu wa sheria hiyo, burgomestre anapaswa kuchaguliwa na washauri wa komine. Washauri hao hao ndio wanaochagua baraza la mji, na baraza la mji ndilo linalomchagua meya. Maana yake ni kwamba pasipo mabaraza ya komine, komine zetu saba, yaani Annexe, Kamalondo, Kampemba, Katuba, Kenya, Lubumbashi na Ruashi, huongozwa na watu walioteuliwa, na mtu aliyeteuliwa humsikiliza aliyemteua. Mwaka 2023 ilikuwa mara ya kwanza chini ya Katiba hii kuwachagua washauri hao, tena CENI, tume ya uchaguzi, iliufanya uchaguzi huo katika komine za miji mikuu ya majimbo tu, siyo nchi nzima. Matokeo yalipotangazwa, waliochaguliwa walikaa muda mrefu bila kuwekwa kazini. Hilo ndilo linalonikera kuliko ahadi za uongo za kampeni, kwa sababu mshauri ambaye baraza lake halijaketi hawezi kukuletea hata dawati moja, awe mwaminifu kiasi gani.

Sasa tuseme baraza limeketi. Linaweza kufanya nini kwa ajili ya shule? Linaweza mengi yanayoonekana madogo. Mtaro unaomwaga maji machafu mbele ya lango la shule ni kazi ya komine, na takataka zinazorundikwa nyuma ya ukuta wa shule ni kazi ya komine vilevile. Soko haramu linalofunga njia ya watoto ni la komine pia. Cheti cha kuzaliwa, ambacho mzazi hukimbilia kukitafuta wakati wa kumwandikisha mtoto, hutolewa na ofisi ya komine, na anayemwandikisha mtoto wake ndani ya siku 90 tangu azaliwe halipi kitu. Zaidi ya hayo, baraza ndilo linalopitisha bajeti ya komine, na hapa Katanga bajeti ya komine siyo lazima iwe ya sadaka. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa mamlaka ya mahali mgodi unapofanya kazi, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Komine ni mojawapo ya mamlaka hizo za mahali. Komine yenye mgodi ndani ya mipaka yake ina uwezo wa kujenga madarasa, na mshauri ndiye wa kwanza anayepaswa kuuliza pesa hizo zimeingia lini na zimetoka kwenda wapi.

Kwa hiyo ahadi ya madawati ilikuwa na chembe ya ukweli. Ile ya kushusha minerval ndiyo haikuwa yake kuitoa.

Mulushois wa Calgary

Wakubwa zangu, mimi ni mzaliwa wa Ruashi na sasa naishi Calgary, kwa hiyo huenda nilisimama kwenye mstari mmoja na shemeji yake Papa wa Katuba. Ningependa kueleza jinsi mambo yalivyo huku, kwa sababu kwa mbali yanaonekana mazuri kuliko yalivyo.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 20/10/2025, kama ulivyofanyika siku hiyo katika karibu miji yote ya jimbo la Alberta. Calgary ina kata 14, na kila kata humchagua diwani mmoja, mbali na meya anayechaguliwa na mji mzima. Bodi ya shule za umma ina wajumbe 7, kila mmoja akiwakilisha kata mbili. Pembeni yake iko bodi ya shule za Kikatoliki, ambayo nayo hulipwa kwa fedha za umma na kuchaguliwa kwa kura. Haki hiyo ililindwa tangu jimbo lilipoundwa mwaka 1905. Mpiga kura huchagua mjumbe wa bodi moja tu kati ya hizo mbili. Waliolelewa katika shule za mapadri huko Lubumbashi hawataona ajabu kuwa na shule za kanisa zinazolipwa na serikali. Ajabu ni kwamba huku waumini wa kawaida ndio wanaowachagua wanaozisimamia.

Jambo moja litawachekesha. Wakati ninyi mnabishana kama ile mashine ya CENI ilikuwa ya haki, huku serikali ya jimbo ilitunga sheria mwaka 2024 ikapiga marufuku mashine za kuhesabia kura, na karatasi zote zikahesabiwa kwa mkono.

Kazi za bodi ni za kweli. Humwajiri mkurugenzi mkuu wa shule za mji, hupitisha bajeti, huamua shule ipi ifungwe na ipi ifunguliwe, na hupanga basi la shule lipite wapi na nani alipie. Vikao vyake ni vya wazi. Mzazi akitaka huenda kuketi nyuma na kusikiliza, na mimi nimewahi kusikiliza mabishano marefu juu ya mipaka ya mitaa ambayo watoto wake wataingia shule fulani.

Ila mfuko hawanao. Zamani bodi zilikuwa na uwezo wa kutoza kodi ya nyumba kwa ajili ya shule, lakini mwaka 1994 serikali ya jimbo iliuchukua uwezo huo, na tangu hapo bodi hugawa kile kinachotoka jimboni. Tuliona matokeo yake siku yenyewe ya uchaguzi. Walimu wa jimbo zima, wapatao 51,000, walikuwa wamegoma tangu tarehe 6/10/2025, watoto wako nyumbani, na sisi tunaenda kuwachagua wajumbe wa bodi za shule ambao hawakuwa na uwezo wa kuumaliza mgomo ule, kwa sababu mishahara ya walimu hujadiliwa kati ya chama chao na jimbo. Siku chache baadaye bunge la jimbo lilitunga sheria ya kuwarudisha walimu kazini kwa nguvu. Kwa hiyo, Papa, hata huku ukimuuliza mjumbe wa bodi habari za fedha, atakuonyesha juu kama anavyofanya prefe wako.

Tena anayepiga kura ni raia tu. Wakongomani wengi wenye watoto katika shule hizi bado hawajapata uraia, na ingawa wao ndio wanaofuata ripoti za watoto kila muhula, siku ya kura hubaki nyumbani. Nako Québec, ambako lugha ni Kifaransa kama cha ofisi zetu, uchaguzi wa bodi za shule ulifanyika peke yake mwaka 2014, bila kuunganishwa na ule wa madiwani, na waliojitokeza walikuwa karibu 5% tu. Mwaka 2020 serikali ya huko ilizifuta bodi za kuchaguliwa kwa upande wa shule za Kifaransa, na sidhani kama wengi waliandamana mtaani kuzililia.

Mama wa komite ya wazazi, Kampemba

Baba na ndugu zangu, nimewasoma wote kwa makini, nami nashangaa kwamba mmefika mpaka Kanada bila kupitia kwenye darasa la mtoto wenu. Uchaguzi wa wasimamizi wa shule upo hapa Lubumbashi, isipokuwa hauna mabango wala fulana. Kila shule ina komite ya wazazi, ile tunayoiita COPA, ambayo wajumbe wake huchaguliwa na wazazi, na kutoka humo baadhi huingia katika baraza la usimamizi la shule, pamoja na mkuu wa shule na walimu. Pesa zote ambazo shule inazipata zinapaswa kujadiliwa katika baraza hilo.

Ngoja niwaeleze uchaguzi wa shule yetu ulivyokwenda, bila kuitaja, kwa sababu naamini hata kwenu ni hivyo hivyo. Mkutano uliitishwa kwa kikaratasi kilichobandikwa kwenye daftari la mtoto, siku ya kazi, saa nne asubuhi. Tulioweza kufika tuliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa mbao, na wengi wetu tulikuwa akina mama, kwa kuwa waume zetu walikuwa kazini au waliona ni mambo ya wanawake. Mkuu wa shule alikuwa na majina tayari kwenye karatasi mfukoni. Aliyasoma, akauliza kama kuna pingamizi, akaanza kuchora mistari ya chaki ubaoni kuhesabu mikono. Mama mmoja aliyeketi karibu na dirisha akasimama akauliza, kwa upole kabisa, kama mtu aliyetajwa wa kwanza ana mtoto katika shule hii. Ikawa kimya. Hakuwa na mtoto pale. Jina lilifutwa, na mama yule akachaguliwa mahali pake.

Mama huyo hakuomba kura kwa mtu yeyote, wala hakuahidi dawati. Lakini tangu aingie, hesabu ya pesa zinazolipwa na wazazi hubandikwa ukutani kwenye ofisi, na anayetaka kunakili ananakili. Sisemi kwamba matatizo yamekwisha. Walimu wengine bado hawamo kwenye orodha ya malipo ya serikali, hao tunaowaita N.U., na shule haiwezi kuwaacha walale njaa, kwa hiyo kila mwaka hurudi kwetu na ombi lile lile chini ya jina jipya. Katika shule ya msingi jambo hilo linagongana na sheria ya bure, na COPA ndiyo inayotumiwa kama kanzu ya kulifunika: husemwa kwamba wazazi wenyewe wamekubali. Ndiyo maana mimi sitaki kusikia mtu akilalamika kuhusu minerval kama hajawahi kuketi kwenye mkutano ule wa saa nne asubuhi. Anayekosekana amehesabiwa kuwa amekubali.

Mwalimu mstaafu, Kenya

Mama amesema kweli tupu. Ningependa kuongeza maneno machache juu ya swali la tatu la Papa, yaani ni nini kinachotuzuia kuwa na bodi za kuchaguliwa kwa mji mzima.

Sehemu kubwa ya shule zetu za umma siyo za serikali peke yake. Serikali ya Zaire ilizitaifisha shule za makanisa mwaka 1974, ikashindwa kuziendesha, ikazirudisha kwa mapatano ya tarehe 26/2/1977. Tangu hapo serikali huwalipa walimu na kutoa programu ya masomo, na makanisa huendesha: Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu, na baadaye Waislamu nao wakaingia katika utaratibu huo. Bodi iliyochaguliwa na wakazi wa Lubumbashi nzima ingeanza kwa kugombana na ofisi za uratibu za makanisa kuhusu nani anamhamisha prefe, na ugomvi huo ungemaliza miaka kabla mtoto hajanunuliwa chaki. Sisemi haiwezekani. Nasema mapatano ya 1977 yangepaswa kujadiliwa upya kwanza, na hilo sijamsikia mwanasiasa akilisema jukwaani.

Hofu yangu nyingine inatoka mbali. Kura ya kwanza ya komine katika mji huu ilipigwa mwezi wa kumi na mbili mwaka 1957, wakati Lubumbashi ikiitwa Élisabethville, pamoja na Léopoldville (Kinshasa ya leo) na Jadotville (Likasi ya leo). Walipiga wanaume tu. Maburgomestre Waafrika waliotokana na kura ile wengi wao walikuwa wenye asili ya nje ya Katanga, na manung'uniko yaliyofuata yalikuwa miongoni mwa sababu za kuundwa kwa CONAKAT, chama cha siasa cha Wakatanga, mwaka 1958. Yaliyokuja baada ya hapo wazee wa mji huu wanayajua, na sina haja ya kuyarudia. Uchaguzi wa kusimamia mitaro na masoko uligeuzwa kuwa swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Nimefundisha darasa moja watoto wa Waluba, Wabemba, Wasanga na Warund, nami nisingependa kuona orodha za vyama na makabila zikibandikwa kwenye ukuta wa darasa hilo. Ikiwa siku moja tutakuwa na bodi, basi wagombea wasimame bila vyama, na mzazi tu, mwenye mtoto shuleni, ndiye aruhusiwe kugombea. Kipimo alichotumia yule mama wa dirishani kinanitosha.

Mzazi wa Katuba

Nawashukuru sana, hasa Mama wa Kampemba, ambaye amenipiga mahali panapouma: mikutano hiyo mke wangu ndiye huenda. Nina ombi moja la mwisho kwa Wakili. Nikitaka kujua kama kiasi ambacho prefe anadai ndicho kilichomo kwenye agizo la gavana, nafuata njia gani, na nikikuta kimezidi, nifanye nini bila mtoto wangu kulipiziwa kisasi?

Wakili wa Kamalondo

Papa, agizo la gavana ni hati ya umma. Kwanza iulizeni COPA ya shule, kwa sababu shule hupelekewa nakala. Wakikataa kuionyesha, nendeni kwenye ofisi ya elimu ya jimbo, kwa proved, mkuu wa ofisi hiyo, mkaombe kuisoma. Linganisheni mstari kwa mstari na risiti mnazopewa, na msikubali kulipa kitu bila risiti.

Mkikuta kiasi kimezidi, usiende peke yako. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Andikeni kama wazazi wa shule, siyo kama familia moja, ili jina la mtoto wako lisisimame peke yake. Barua ielekezwe kwa gavana, na nakala zake kwa waziri wa elimu wa jimbo na kwa wabunge wa jimbo waliochaguliwa Lubumbashi. Ambatanisheni nakala za risiti, wala msitoe zile za asili. Barua yenyewe itoeni katika nakala mbili, na ile mnayobaki nayo ipigwe muhuri wa mapokezi na kuandikwa tarehe mbele yenu, kwa kuwa miezi mitatu mtaihesabu kuanzia siku hiyo.